Njia ya Kwenda Nyumbani

Tukiulizwa twapenda nini zaidi wakati wa Krismasi, wengi watataja chapati, nyama ya mbuzi na nguo mpya za watoto. Sisi twapenda safari. Mabasi yatokayo Nairobi hujaa mikate, sukari na mablanketi ya akina nyanya (nauli nayo hupanda bila haya).

Yusufu naye alisafiri kwenda kwao. Katika Luka sura ya 2 twasoma kwamba Kaisari Augusto aliamuru watu waandikwe, kila mtu mjini kwao. Basi akatoka Nazareti hata Bethlehemu, zaidi ya kilomita 100, pamoja na Mariamu aliyekuwa mja mzito. Wakafika mji wa baba zake, wasipate nafasi. Mtoto akalazwa katika hori, yaani mahali pa kulishia ng'ombe.

Twamjua kijana mmoja asaliaye Nairobi kila Desemba. Hazuiwi na kazi. Safari ya mwisho aliulizwa mlangoni, "Umetuletea nini?" kabla hata ya kusalimiwa, naye alikuwa mikono mitupu. Mwaka huu tumempelekea nauli na maneno machache: njoo tu, kitanda chako kimetandikwa.