Khati na Ushairi katika Malezi ya Vijana Wetu

Wapo wazazi, na wengi wao ni watu wema wenye kuwatakia watoto wao kheri, ambao wakimwona kijana ameinamia karatasi akitengeneza herufi za Kiarabu, au akihesabu mizani za ubeti kwa vidole vyake, humwambia: "Acha mchezo, kasome." Neno hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna hukumu nzito, nayo ni kwamba sanaa si elimu. Hukumu hiyo haikutoka katika dini yetu, wala haikutoka kwa wazee wetu wa mwambao. Imetokana na mazoea ya kupima kila jambo kwa mtihani na cheti.

Tuanze na khati. Aya za mwanzo alizoteremshiwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, zataja kalamu, na iko sura nzima yenye jina hilo. Katika mwaka wa 2 wa Hijra, baada ya vita vya Badr, vitabu vya sira vyaeleza kwamba mateka waliojua kuandika, na hawakuwa na mali ya kujikomboa, waliachiliwa kwa sharti kila mmoja awafundishe kuandika watoto 10 wa Madina. Zingatia jambo hili, ewe msomaji. Walimu hao walikuwa maadui, na siku chache kabla yake walikuwa wameshika panga. Hata hivyo watoto wa Waislamu walipelekwa kwao kwa ajili ya kalamu.

Baadaye kuandika kukawa fani yenye kanuni zake. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, na ambaye fitina za utawala zilimfanya akatwe mkono wake wa kulia, ndiye anayetajwa kuwa aliweka kipimo cha herufi kwa nukta. Kalamu ya tete huchongwa ncha yake mshazari. Ikigusishwa karatasi mara moja hutoa nukta yenye pembe nne, na nukta hiyo ndiyo rula ya mwandishi. Alifu ya thuluthi, kwa kawaida, husimama nukta 7. Herufi nyingine nazo zina kimo chake, upana wake na mzingo wake, na zote hurejea kwenye nukta ile ile.

Sasa tazama yanayompata mtoto anayefundishwa hivi. Mwalimu humwandikia herufi moja juu ya ukurasa, naye huinakili chini yake siku nyingi kabla ya kupewa ya pili. Mwenye pupa hafiki popote, kwani wino hufichua kila mtetemeko wa mkono. Na kubwa kuliko subira ni hili: kwa kuwa kipimo kiko pale pale mbele ya macho yake, mtoto huliona kosa lake mwenyewe kabla mwalimu hajafungua kinywa. Anajifunza kujihukumu bila kukaripiwa. Je, ni masomo mangapi ya skuli yanayompa kijana wa miaka 12 tabia hiyo?

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mambo ya Baghdad na Istanbul, yatuhusu nini sisi? Basi na aulizie habari za Siyu, katika kisiwa cha Pate. Katika karne ya 18 na ya 19 waandishi wa mji huo waliandika misahafu kwa mkono na kuitia nakshi kwa rangi nyeusi, nyekundu na manjano, na baadhi yake ipo hata leo. Hawakuwa wageni, walikuwa watu wa mwambao, wenye lugha hii tunayoisema. Tena jambo hili halikuwa la wanavyuoni peke yao. Wasia, hati za mashamba, barua za jamaa na madeni ya biashara viliandikwa kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu kabla skuli za kikoloni hazijaeneza herufi za Kilatini. Karatasi hizo zimo masandukuni mwa watu mpaka hivi sasa. Kijana hufungua sanduku la babu yake, akaona mwandiko, asijue kama ni wasia, ni dua au ni risiti ya karafuu. Kisha huurudisha kwa mchwa. Yawezekana ndani yake mna haki ya yatima.

Ushairi ni jirani ya khati. Mtume aliruhusu Hassan bin Thabit awekewe mimbari msikitini ili aitetee dini kwa mashairi yake. Kwetu sisi Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka mtawala wa Siyu, alipokuwa mgonjwa mnamo mwaka 1858 alitaka kumwachia binti yake, Mwana Hashima, nasaha za dini, adabu na maisha ya nyumbani. Angeweza kuandika barua. Alitunga utenzi, kwani barua husomwa ikakunjwa, na utenzi hukaa kifuani. Wanawake wa Lamu na Pate waliuhifadhi baada yake, vizazi kwa vizazi. Wanaodhani kwamba sanaa ilikuwa ya wanaume tu na wamkumbuke mama huyu.

Na kanuni zenyewe ni mafunzo. Kila kipande cha utenzi kina mizani 8. Vipande vitatu vya mwanzo hupatana kwa kina, na cha nne huchukua kina kinachofululiza kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Kijana akipewa sharti hilo, neno la kwanza linalomjia halimfai, la pili limezidi mizani moja, la tatu lina kina lakini halina maana. Analazimika kuyapima maneno kumi ili apate moja. Aliyezoea kufanya hivyo hatukani ovyo, wala haandiki kwenye simu kila linalompitia moyoni.

Tunajua kwamba wanavyuoni wana ikhtilafu juu ya ala za muziki na juu ya kuchora viumbe vyenye roho. Hatutaki kuingia humo leo, wala hatuna haja; khati, ushairi na nakshi za milango ni uwanja mpana wa kutosha.

Ama anayeuliza kama sanaa huleta chakula mezani, na amtazame Muhamadi bin Abubakari Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Mtu mmoja huyu alikuwa mwandishi wa khati, mtunzi wa tenzi na mchonga nakshi. Mkono wake ulikuwa mtaji wake: wataalamu wa Kizungu kama Alice Werner na William Hichens walimtaka awanakilie tenzi za kale, na maandishi yake yamehifadhiwa London. Mwanafunzi wa leo mwenye kutaka kuyaona hana budi kwenda huko, au kutazama picha zake.

Gharama ya kuanza nyumbani ni ndogo. Tete moja, kisu kikali kilicho mkononi mwa mtu mzima, wino na karatasi nyororo isiyonyonya. Baina ya Magharibi na Isha panatosha, mara mbili kwa juma, mvulana na msichana pamoja. Pakiwa na mzee mtaani anayeijua kazi hii, watoto wapelekwe kwake mwaka huu.