Dawa Mpya za Homa ya Ini C na Funzo la Matende Kisiwani Mafia

Homa ya ini C husababishwa na virusi vilivyotambuliwa mwaka 1989. Huenea kwa njia ya damu, hususani kupitia sindano zinazotumiwa na zaidi ya mtu mmoja, damu isiyopimwa na vifaa vya tiba visivyotakaswa. Mgonjwa aweza kuishi miaka mingi bila dalili, ilhali ini lake linajaa makovu na hata kupata saratani. Chanjo yake haijapatikana. Makala haya yanafafanua utendaji wa dawa mpya za ugonjwa huu, kisha yanajadili masharti ya kuzifikisha Mafia, wilaya ya visiwa katika Mkoa wa Pwani.

Awali tiba ilitegemea sindano za interferoni pamoja na vidonge vya ribavirini kwa wiki 24 hadi 48. Madhara yake yalikuwa makali, na wagonjwa wengi hawakupona. Dawa mpya hushambulia virusi vyenyewe. Sofosbuviri, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2013, huzuia kimeng'enya kinachonakili RNA ya virusi. Daklatasviri na velpatasviri huzuia protini iitwayo NS5A. Sofosbuviri ikiambatana na mojawapo ya hizo, kwa kawaida kwa wiki 12, wagonjwa zaidi ya asilimia 95 hupona. Bei ya awali ya sofosbuviri nchini Marekani ilikuwa dola 84,000 kwa wiki hizo. Leseni walizopewa watengenezaji wa India zimeishusha mno katika nchi maskini.

Mafia ina uzoefu wa tiba ya umma. Mwaka 2000, ugawaji wa dawa za matende na mabusha chini ya mpango wa taifa ulianzia huko. Wakazi waliostahili walipewa ivermectini na albendazoli mara moja kwa mwaka, bila kila mmoja kupimwa kwanza.

Utaratibu huo hauwezi kuhamishiwa homa ya ini C kama ulivyo, kwa sababu tatu. Kwanza, dawa humezwa kila siku kwa miezi, si mara moja. Pili, kipimo cha kingamwili hakitoshi, kwani kingamwili hubaki hata kwa aliyepona. Sharti RNA ya virusi ipimwe. Tatu, mgonjwa hupimwa pia homa ya ini B, ambayo yaweza kuamka wakati wa tiba.

Hivyo kikwazo kimehama kutoka kwenye kidonge kwenda kwenye kipimo. Matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi yaweza kusafirishwa kutoka Jibondo au Chole hadi maabara bila kuharibika upesi, na mashine za GeneXpert, zilizozoeleka katika upimaji wa kifua kikuu, zaweza kupima virusi hivi. Misri ilipima mamilioni ya watu kuanzia mwaka 2018 ndipo ikawatibu waliogundulika. Kwa Mafia, funzo la matende linalobaki ni kuwafuata watu vijijini. Linaloongezeka ni kurudi kwao na majibu. Bila hayo, dawa itakuwapo na mgonjwa asiyejijua ataendelea kupoteza ini lake.