Ukurasa wa mbele unafunguka, habari zote 404: shida iko kwenye anwani

Inawatokea sana watu wanaohamisha tovuti ya WordPress kutoka seva ya kukodi ya pamoja kwenda seva yao wenyewe. Mafaili yamehamishwa, kanzidata imehamishwa, ukurasa wa mbele unafunguka vizuri kabisa. Kisha msomaji anabonyeza linki aliyotumiwa WhatsApp mwezi uliopita na kukutana na 404: ukurasa haupo.

Habari yenyewe ipo, haijafutika. Kilichokatika ni njia ya kuifikia, na kuirudisha ni kazi ya dakika chache kwa anayejua pa kuangalia.

Anwani isiyo na faili nyuma yake

WordPress inaweza kutumia anwani ya namna hii: example.com/?p=123. Hiyo 123 ni namba ya chapisho ndani ya kanzidata. Inafanya kazi, ila haimwambii msomaji chochote, na kumtajia mtu kwenye simu ni mateso. Anwani safi inasomeka: example.com/bei-ya-mahindi/. Mtu anajua anaenda kusoma nini kabla hajatumia bando lake.

Mkanganyiko unaanzia hapa. Ndani ya seva hakuna folda inayoitwa bei-ya-mahindi. Kuna faili moja, index.php, ambalo ndilo mlango wa kila kitu: linapokea ombi, linasoma maneno ya kwenye anwani, halafu linatafuta chapisho lenye jina hilo kwenye kanzidata. Lakini lazima kwanza lipelekewe ombi hilo. Seva isiyoelekezwa itatafuta folda, itaikosa, na itajibu 404 bila hata kuiuliza WordPress. Ukurasa wa mbele unapona kwa sababu hauna neno lolote la ziada kwenye anwani, hivyo seva inafungua index.php moja kwa moja.

Kama seva ni Apache

Maelekezo yanakaa kwenye faili linaloitwa .htaccess. Jina lake linaanza na nukta, kwa hiyo programu nyingi hulificha. Mtu anakopi mafaili "yote" kumbe hilo limebaki kule kule.

Dawa ya kwanza ni kuingia "Settings", kisha "Permalinks", na kubonyeza kitufe cha kuhifadhi bila kubadilisha chochote. WordPress italiandika upya faili hilo. Ikikosa ruhusa ya kuandika, itaonyesha maandishi ya kubandika kwa mkono.

Faili lipo na 404 bado ipo? Huenda moduli ya rewrite imezimwa. Kwenye Ubuntu na Debian inawashwa kwa amri hii: sudo a2enmod rewrite.

La pili ndilo linalokesha watu. Kwenye mifumo hiyo hiyo, faili la apache2.conf huja na AllowOverride None kwa folda ya /var/www, yaani Apache imeambiwa isisome .htaccess kabisa. Haitoi kosa wala onyo, inalipita tu. Njia rahisi ya kupima ni kuandika neno la ovyo ndani ya .htaccess. Tovuti ikileta kosa la 500, faili linasomwa. Ikiendelea kama kawaida, halisomwi. (Neno hilo lifutwe mara moja baada ya jaribio!) Marekebisho ni kuweka AllowOverride All kwa folda ya tovuti hiyo, halafu sudo systemctl restart apache2.

Kama ni Nginx

Nginx haisomi .htaccess hata siku moja, kwa hiyo kuihariri ni kupoteza muda. Mstari unaotakiwa unaingia kwenye mpangilio wa tovuti, ndani ya location /:

try_files $uri $uri/ /index.php?$args;

Maana yake: tafuta faili lenye jina hilo, likikosekana tafuta folda, vikikosekana vyote mpelekee index.php. Mpangilio huo ndio unaoziacha picha zifunguke kama kawaida, maana zenyewe ni mafaili halisi. Kabla ya sudo systemctl reload nginx, ni busara kuendesha sudo nginx -t kwanza. Nukta mkato moja ikisahaulika, seva inakataa mpangilio mzima.

Kubadilisha muundo baadaye

Tovuti ikitoka ?p=123 kwenda majina, WordPress yenyewe huwapeleka wasomaji wa linki za zamani kwenye anwani mpya. Kutoka muundo mmoja wa majina kwenda mwingine, inajaribu kubahatisha, na kuna mahali itakosea. Hapo mwenye tovuti anahitaji kuweka 301, namba inayoieleza mitambo ya kutafuta kama Google kwamba ukurasa umehama moja kwa moja.

Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, aliandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri haibadiliki. Alishauri vitu kama jina la mwandishi na kiishio cha faili viachwe nje ya anwani. Anwani inayoishia na .php inakuwa shida siku programu ikibadilishwa.

Kwa asiye na uwezo wa kugusa mipangilio ya Apache kuna njia ya katikati: kwenye "Permalinks" aanze muundo wake na /index.php/, ipatikane example.com/index.php/bei-ya-mahindi/. Si safi sana, ila kwa kawaida inafunguka bila moduli ya rewrite.