Mechi Moja kwa Mwaka, Mechi Mbili kwa Siku

Nilipokuwa na miaka 14 nilicheza mechi tatu za mpira wa vikapu katika siku mbili, na hizo ndizo mechi zote nilizocheza mwaka ule. Ijumaa asubuhi tulishinda. Alasiri ile ile tukarudi uwanjani, jezi zikiwa bado zimetushika mgongoni kwa jasho la asubuhi, tukashinda tena kwa shida. Jumamosi tukatolewa. Jioni nilipofika nyumbani goti langu la kushoto lilikuwa limeota kinundu kigumu chini kidogo ya pia, kinawaka moto, hata kuchutama siwezi. Mamangu alinikanda kwa maji moto yaliyotiwa chumvi, kisha akaniuliza: "Mwanangu, mpira gani huu? Mwaka mzima hamchezi, halafu mnacheza siku mbili mpaka mnarudi viwete."

Swali lile limenirudia Shimoni, Kaunti ya Kwale. Barabara inayochepuka Kanana kutoka barabara kuu ya Lunga Lunga inaishia hapa, gatini, kisiwa cha Wasini kikiwa mbele ya macho. Saa kumi jioni, masomo yakiisha, watoto wa Sekondari Msingi hutoka na mpira mmoja uliokwaruzika mpaka ngozi imelainika. Ardhi ya huku ni mwamba wa matumbawe uliofunikwa udongo mwembamba, na mpira ukidundwa huruka upande usioutarajia. Msichana mmoja ameshalizoea jambo hilo. Anainama sana, anaudunda chini ya goti, jicho liko kwa mwenzake na wala haliko kwa mpira. Ana kipaji, hilo halihitaji kocha kulisema. Ninalojiuliza ni mwaka huu atacheza mechi ngapi, na zitapangwaje.

Kwingineko swali hili lina majibu yaliyoandikwa. Nchini Marekani, vyama vya michezo vya majimbo na wilaya huweka idadi ya mechi ambazo timu ya shule inaruhusiwa kucheza kwa msimu. Mwaka 2016, ligi ya NBA na shirikisho la vikapu la nchi hiyo walitoa mwongozo wa pamoja kwa vijana: mtoto wa miaka 12 hadi 14 asizidishe mechi mbili kwa wiki, apate angalau siku moja ya mapumziko kila wiki, na asibanwe kwenye mchezo mmoja peke yake kabla ya kutimiza miaka 14. Walioandika hayo ni wale wale wanaoishi kwa vikapu. Walikuwa wameona vijana wakifika utu uzima na magoti ya wazee.

Sisi Kenya tuna mipaka yetu, ila tumeiweka kwenye kalenda. Michezo ya shule imegawanywa kwa mihula. Katika shule za upili, vikapu vimekuwa mchezo wa muhula wa kwanza, pamoja na mpira wa mikono, magongo na raga ya wachezaji 15. Muhula wa tatu ni wa mitihani, na tangu amri za aliyekuwa Waziri wa Elimu Fred Matiang'i mwaka 2016, zilizopiga marufuku hata siku za wazazi kutembelea watoto muhula huo, walimu wakuu wengi huufunga mlango wa michezo mapema. Ndani ya muhula wenyewe mashindano hupanda ngazi: zoni, kaunti ndogo, kaunti, eneo la Pwani, kisha taifa. Kila kidato cha ngazi hiyo huchezwa kwa siku chache zinazofuatana, kwa sababu timu zimekusanywa mahali pamoja na kila siku inayoongezeka ni chakula na malazi.

Hapo ndipo penye kasoro. Timu inayofungwa mapema kwenye zoni inaweza kumaliza mwaka na mechi moja au mbili. Timu inayoshinda hucheza leo, kesho na kesho kutwa, na siku nyingine mara mbili kabla jua halijatua. Mtoto mmoja ananyimwa, mwenzake anaelemewa, na wote wawili wako ndani ya utaratibu ule ule.

Anayeelemewa huumia mahali panapojulikana. Kwenye umri wa miaka 12 hadi 14 mifupa hukua haraka kuliko misuli na kano zinavyoweza kufuata. Kano inayotoka kwenye pia ya goti hushika mfupa wa mguu mahali ambapo bado ni laini, na kila kuruka, kila kusimama ghafla, huuvuta. Ukiuvuta bila kuupumzisha, pale panavimba, kinundu kinatokea. Madaktari wanaijua hali hiyo kwa jina la Osgood-Schlatter. Kwa kawaida huisha mfupa unapokomaa, na tiba yake kubwa ni kupunguza mzigo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na Daktari Neeru Jayanthi na wenzake, juu ya vijana wanamichezo zaidi ya 1,000 nchini Marekani, ulionyesha kwamba wale ambao saa zao za mchezo kwa wiki zilizidi idadi ya miaka yao walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya majeraha mabaya yatokanayo na kuutumikisha mwili kupita kiasi. Ni kipimo ambacho mzazi yeyote anaweza kukishika: mtoto wa miaka 13, saa zake kwa wiki zisipite 13.

Pwani kuna mzigo mwingine ambao miongozo ya ng'ambo haiujui. Muhula wa kwanza ni wakati wa kaskazi, na Machi joto hupita nyuzi 30 hata kivulini. Miaka hii Ramadhani nayo imeangukia humo humo: mwaka 2024 na 2025 ilianza Machi, mwaka 2026 Februari. Kijana wa Shimoni au Vanga aliyefunga, akipangiwa mechi ya saa nane mchana, analazimika kuchagua kati ya swaumu yake na timu yake. Ratiba iliyotawanywa kwa wiki nyingi ingempa nafasi ya kucheza kabla ya mwezi na baada yake. Ratiba ya siku tatu haimwachii chochote.

Lakini siandiki haya ili mechi zipunguzwe. Kuiga sheria ya Marekani kama ilivyo kungekuwa kumfungia maji mtu mwenye kiu. Kule waliweka kikomo cha juu kwa sababu watoto wao wanacheza kupita kiasi. Kwetu kikomo cha juu kinahitaji mwenzake: idadi ya chini, mechi ambazo kila mtoto aliyeingia timu ya shule ni haki yake kuzicheza, hata kama timu yake haishindi. Mtoto haujui mchezo kwa mazoezi peke yake. Kutulia refa anapokupigia filimbi usiyoitaka, kupiga mipira ya adhabu miguu ikitetemeka, kurudi nyuma kulinda timu ikiwa imeachwa pointi 12, hayo hufundishwa na mechi, tena mechi nyingi zenye nafasi katikati ya kufikiri na kurekebisha.

Kwale inajua kwamba vipaji vipo. Wasichana wa shule ya sekondari ya Kaya Tiwi wamelipeleka jina la kaunti hii hadi mashindano ya taifa ya vikapu. Kutoka Tiwi hadi Shimoni ni safari ya asubuhi moja kwa matatu, lakini kwa mtoto wa Sekondari Msingi anayecheza mechi moja kwa mwaka ni mbali mno. Na sasa suala hili limegusa masomo yenyewe. Katika mtaala wa umilisi, Sanaa na Sayansi za Michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari ya juu, na wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo waliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Tunamwambia mtoto kwamba michezo inaweza kuwa njia yake ya maisha. Basi ataonyeshaje kipaji, na sisi tutakiona wapi, ikiwa amepewa dakika 40 za mechi moja tu?

Ninachopendekeza kinawezekana kwa majirani. Chukua shule za Shimoni, Wasini, Mkwiro, Kibuyuni, Majoreni na Kikoneni. Ni timu sita. Kila moja ikikutana na mwenzake nyumbani na ugenini, kila mtoto anapata mechi 10. Mechi moja kila Jumamosi ni wiki 10, na muhula mmoja wa kawaida unazo wiki hizo na nyingine zikabaki. Safari ndefu ni ya mashua kuvuka mlango wa Wasini, au matatu hadi Kikoneni, na watoto wanalala kwao. Shule isiyo na uwanja kamili icheze vikapu vya watatu kwa watatu: ringi moja, nusu ya uwanja, wachezaji wanne pamoja na wa akiba, dakika 10. Kisha sheria iandikwe waziwazi: mechi zisizidi mbili kwa wiki, kusiwe na mechi mbili kamili siku moja, na siku moja ya wiki mpira ulale. Ngazi ya zoni hadi taifa ibaki, ila ipandwe na timu zilizokwisha kuiva kwenye ligi ya jirani.

Najua mwalimu mkuu atasema masomo yataharibika, na hofu yake si ya bure, kwa maana yeye ndiye anayeulizwa matokeo. Lakini mashindano ya siku tatu mfululizo ndiyo yanayomtoa mtoto darasani. Jumamosi asubuhi haimnyang'anyi mwalimu wa Hisabati hata kipindi kimoja. Atasema pia pesa hazipo. Ligi ya jirani haina malazi wala mapishi ya siku tatu. Inahitaji filimbi, mipira miwili na mzazi mmoja mwenye chombo.

Shimoni haihitaji kufundishwa mambo ya mipaka. Tangu miaka ya 1970 watu wa hapa wameishi na hifadhi ya bahari mbele yao. Kisite hapavuliwi kabisa. Mpunguti, jirani yake, mvuvi wa mitego ya asili anaruhusiwa kutafuta riziki. Bahari ile ile imepewa mahali pa kupumzika na mahali pa kuvuna, na anayeijua bahari anajua kwamba ukiondoa kimoja, kingine hakidumu. Yule msichana anayeudunda mpira chini ya goti juu ya mwamba wa matumbawe anastahili hesabu kama hiyo. Apewe Jumamosi zake 10, na Jumapili goti lake lipumzike.