Kutoka kiti cha kocha hadi buro ya meneja: njia ya Brad Stevens

Vijana wengi wanaocheza basketi huku Mashariki wanajua majina ya wachezaji wa NBA kwa kichwa. Wanajua kwamba Jonathan Kuminga, mtoto wa Goma, alichaguliwa wa saba mwaka 2021, siku ile ekipe zinachagua vijana wapya kwa zamu, na kwamba ni Golden State Warriors iliyomuchukua. Lakini ukiwauliza ni nani anaamua mambo kama hayo, wengi watasema ni kocha. Hapana. Neno la mwisho liko kwa watu wa buro: meneja mkuu, na katika ekipe nyingi, rais wa shughuli za basketi aliye juu yake. Hao ndio wanasajili wachezaji, wanabadilishana nao na ekipe zingine, na ndio wanamuajiri kocha mwenyewe ao kumufukuza.

Sasa, mutu anafika pale kwa njia gani? Njia ziko nyingi. Bob Myers, aliyeongoza buro ya Warriors wakati ule, alikuwa kwanza wakala wa wachezaji. Masai Ujiri, Mnaijeria aliyejenga Toronto Raptors mabingwa wa 2019, alianza kwa kutafuta vipaji bila mushahara. Brad Stevens wa Boston Celtics yeye alipitia basketi ya chuo kikuu.

Aliacha mushahara

Stevens alikulia Zionsville, katika jimbo la Indiana, Marekani. Alisoma uchumi, akamaliza mwaka 1999, akapata kazi katika kampuni ya dawa Eli Lilly. Mwaka 2000 aliiacha, akaenda kujitolea katika ofisi ya basketi ya Chuo Kikuu cha Butler. Alipanda kidogo kidogo, na mwaka 2007, akiwa na miaka 30, akapewa ekipe yote.

Butler ni chuo kidogo. Hata hivyo, mwaka 2010 ilifika fainali ya taifa na kupoteza mbele ya Duke, 61 kwa 59. Mupira wa mwisho wa Gordon Hayward, uliorushwa kutoka katikati ya kiwanja, uligonga ubao na chuma, ukatoka. Mwaka uliofuata Butler ilirudi fainali, ikapigwa na Connecticut.

Kumbe kocha wa chuo kikuu ni nusu meneja tayari. Yeye mwenyewe anazunguka kutafuta vijana, anakaa na baba na mama zao, anapima nani atakomaa baada ya miaka miwili. Kazi hiyo Stevens aliijua mbele hajafika NBA.

Kazi mbili, akili mbili

Boston ilimuchukua mwaka 2013. Sezoni ya kwanza alipoteza michezo 57 kati ya 82, lakini baadaye alifikisha ekipe fainali ya kanda ya Mashariki mara tatu. Mwezi wa sita 2021, kiongozi wa buro, Danny Ainge, aliondoka. Celtics wakamwambia Stevens aache kiti cha kocha na kushika nafasi hiyo.

Kocha anafikiria mechi ya leo: nani amulinde nani, nani amechoka. Mutu wa buro anafikiria miaka mitatu mbele: kontra ya nani inaisha, makuta yamebaki kiasi gani. Na NBA ina sheria za kubana mishahara. Ekipe iliyokwisha kupita kiwango haiwezi tu kununua. Ikitaka mchezaji mukubwa, mara nyingi inalazimika kutoa wengine wenye mishahara inayokaribiana. Ndiyo maana kila anayeingia, kuna anayetoka.

Stevens alianza kwa kumutoa Kemba Walker na kumurudisha Al Horford. Akamuajiri Ime Udoka kuchukua kiti chake. Mwaka 2022 Celtics walifika fainali, wakapigwa na Warriors, ekipe ya Kuminga. Mwaka 2023 ndipo uamuzi mugumu ulikuja: Marcus Smart, mchezaji aliyependwa sana Boston na ambaye Stevens alimufundisha miaka saba, alipelekwa Memphis ili Kristaps Porzingis aingie. Baadaye Jrue Holiday akaongezwa. Mwaka 2024 Celtics walishinda Dallas michezo minne kwa mumoja, wakapata taji lao la 18, na Stevens akatajwa kiongozi bora wa mwaka.

Mwaka 2025, Porzingis na Holiday nao walitolewa, kwa sababu mishahara na kodi yake ilikuwa imepanda mno. Taji halikuwalinda.

Inatuhusu nini?

Kocha anaweza kukupenda kwa ukweli, na buro ikakuondoa kesho yake. Wakati mwingine ni mutu yule yule.

Na mambo haya yameingia hata vyuoni. Tangu 2021 wachezaji wa vyuo vikuu vya Marekani wanaruhusiwa kupata makuta kwa majina yao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Kwa hiyo vyuo navyo vinaajiri mameneja. Stephen Curry alikubali kuwa meneja mukuu msaidizi katika chuo chake cha zamani, Davidson. Lakini mwanafunzi mugeni mwenye viza ya masomo ana mipaka ya kufanya kazi kule.

Kwa hiyo, mzazi wa Bukavu, Bunia ao Goma anayepigiwa simu na kocha wa mbali, aulize maswali mawili zaidi: ni nani anashika kontra ya mtoto, na kocha akiondoka, masomo yake yanabaki?