Kijana Anayechoka Upesi

Wewe baba, mtoto wako mwanamume amempita mama yake urefu kwa mwaka mmoja tu. Suruali ya Noeli iliyopita haifiki tena miguuni. Unamwita shambani, analima matuta mawili, kisha anaketi chini ya mti. Unasema, "Huyu ni mvivu." Wavivu wako, sikatai. Lakini ngoja kwanza.

Kati ya miaka 12 na 15 mifupa ya kijana hurefuka upesi, pengine sentimeta 9 kwa mwaka. Misuli, yaani nyama inayovuta mifupa, huja nyuma. Wengi huongezeka nguvu sana mwaka mmoja hivi baada ya kurefuka. Basi kimo ni cha mtu mzima, nguvu bado ni za mtoto. Usimtwishe gunia la makala unalochukua wewe. Mpe mzigo mdogo, apumzike, umwongezee polepole. Alale usiku muda wa saa 8 hadi 10. Naye atakula mpaka mama ashangae! Bugali wa muhogo hushibisha, lakini misuli hutaka pia maharagi, karanga, ndagala, mayai.

Lakini kuna uchovu wa namna nyingine. Kijana alikuwa akicheza mpira, sasa anatweta akipanda kilima kidogo, na moyo unampiga mbio. Vuta kope la chini la jicho lake, utazame ndani. Pakiwa peupe badala ya pekundu, damu imepungua. Damu ndiyo inayochukua hewa mpaka kwenye misuli. Ikipungua, misuli hukosa hewa, hata kama kijana anapenda kazi kwa moyo wote. Fimbo haiongezi damu.

Mara nyingi mwizi wa damu hiyo ni mnyoo wa safura. Minyoo michanga hukaa katika udongo wenye unyevu, pale watu wanapojisaidia ovyo. Hutoboa ngozi ya mguu usio na kiatu, na mwisho hushika utumbo na kunywa damu kila siku. Malaria pia huharibu damu.

Mlete hospitalini apimwe damu na choo. Dawa ya minyoo humezwa upesi, bali vidonge vya kuongeza damu humezwa miezi 3 au zaidi. Wengine huviacha juma la pili kwa kuwa choo kimekuwa cheusi. Msiogope, ni madini ya chuma yaliyo ndani ya vidonge. Na kama nyumbani hamna choo, chimbeni kimoja kabla vidonge havijaisha.