Mateke Yaliyomlaza Bingwa Hospitalini

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Maneno hayo yalimfika Muhammad Ali, bingwa wa dunia wa masumbwi ya uzito wa juu, katika jiji la Tokyo, Japani, tarehe 26 Juni, 1976.

Miaka miwili kabla ya hapo, mjini Kinshasa, Ali alikuwa amemwangusha George Foreman na kulirudisha taji lake. Kwa hiyo alipokubali kupambana na Antonio Inoki, mcheza mieleka mashuhuri wa Kijapani, watu wengi waliliona jambo hilo kuwa mzaha wa kutafutia fedha. Bingwa aliahidiwa dola milioni 6. Masharti ya pambano yalibishaniwa hadi siku za mwisho, na Inoki akakatazwa mbinu nyingi alizozizoea.

Mara kengele ilipolia katika ukumbi wa Budokan, Inoki alitoka mbio, akajitupa chini na kumrushia Ali teke la miguu. Mbinu hiyo hakuiacha tena. Raundi baada ya raundi alikuwa chini, akilenga mapaja na nyuma ya magoti. Ngumi zilizowaangusha majabari zikakosa mtu wa kupigwa. Ali alimwita mwoga, akamtaka asimame. Inoki akamjibu kwa teke jingine. Katika raundi zote 15 bingwa alirusha ngumi zisizofika kumi. Miguu yake ikavimba na kuchubuka, hata mkufunzi wake, Angelo Dundee, akadai viatu vya Inoki vifungwe utepe.

Mwamuzi Gene LeBell alitoa pointi 71 kwa 71. Jaji mmoja akampa ushindi Ali, wa pili akampa Inoki. Ikawa suluhu. Watazamaji waliokuja kuona damu na maangusho walighadhibika, wakatupa takataka ulingoni.

Lakini waliocheka hawakuiona miguu ile. Ali alilazwa hospitalini kwa sababu ya damu iliyoganda miguuni. Mwezi Septemba alimshinda Ken Norton kwa pointi, na akaendelea na masumbwi hadi mwaka 1981. Ila Richard Dunn, aliyempiga Mei 1976, ndiye mpinzani wa mwisho aliyeshindwa naye kabla ya raundi kwisha. Umri nao ulikuwa umeanza kubisha hodi.

Baadaye Japani ikawa makao makubwa ya mapigano ya mchanganyiko, ambamo ngumi, mateke na mieleka huruhusiwa pamoja, na wengi huitaja siku ile kuwa mbegu yake. Mahasimu hao nao wakawa marafiki. Inoki alipostaafu mieleka mwaka 1998, Ali alikuwapo Tokyo kumuaga. Ali alifariki mwaka 2016, na Inoki mwaka 2022.

Askari lindoni na mzazi nyumbani wana la kujifunza hapa: adui aliyelala chini si lazima awe ameshindwa. Huenda amechagua mahali pa kupigania.